Mwezi wa Saa Saba

Mwaisha binti Kibwana alikuwa mfinyanzi wa Mlali, na katika miaka yake hamsini na ushei alikuwa ameombwa kila namna ya chombo: vyungu vya mboga, mitungi ya maji, vikaango, vyetezo vya harusi. Hakuwahi kuombwa chungu kisicho na mdomo. Ombi hilo lililetwa na Mikidadi, karani wa boma la Morogoro, akiwa na askari mmoja mwenye bunduki, kwa maana serikali ya Mdachi haikuwa na desturi ya kuomba chungu bila bunduki.

Mikidadi alikuwa kijana aliyesomea Tanga. Alirudi na koti, kalamu mbili za mfukoni, na Kidachi chote alichoweza kubeba. Shikamoo, inaonekana, aliisahau huko huko.

"Wewe ndiye Mwaisha?" aliuliza, amesimama juani kama mwenye kiwanja.

"Ndiye. Na wewe ndiye uliyekosa mtu wa kukufundisha kuamkia?"

Askari akacheka kwa pua. Mikidadi akakohoa, akaitazama kofia yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sasa sema."

Akasema. Aliyetaka chungu ni Bwana Pima. Jina lake halisi lilikuwa Hartlieb, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuuvunja ulimi kwa ajili yake. Aliitwa Bwana Pima kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi ya watu, na kila alipomaliza kuipima ikawa si yao tena. Zaidi ya hapo alikuwa mtu mpole, mwenye darubini na vitabu vingi, na alikuwa amepatwa na huruma. Mzungu akipatwa na huruma, watu wa Morogoro walikuwa wamekwisha jifunza kukaa chonjo.

Huruma yenyewe ilitokana na Ramadhani. Mwaka ule, wa pili tangu garimoshi lifike mjini, watu waliouona mwezi mwandamo walifunga Alhamisi, na wale waliozibwa na wingu la mlimani wakafunga Ijumaa. Pakatokea ugomvi sokoni, na mtu mmoja akapigwa kwa kata ya maji. Bwana Pima alicheka mpaka akashika mbavu: watu wazima, wana macho, wanashindwa kupatana juu ya mwezi mkubwa kama sinia! Akaazimia kuwaonyesha elimu ya Ulaya inavyoshughulika na miezi. Angewaeleza habari za mwezi mdogo unaoizunguka nyota nyekundu ya Mirihi, ambayo mwezi ule ilikuwa inawaka juu ya milima kila jioni mara tu watu wakifuturu. Mirihi, alisema, si moto wala si taa. Ni jiwe, dunia ya mawe na vumbi jekundu. Na ina mwezi mdogo ajabu. Kwa kweli ina miwili, lakini wa pili aliuacha, asije akazichosha akili za wenyeji.

"Kwa hiyo anataka umfinyangie hiyo nyota, kubwa kama mtungi, haina mdomo. Na mwezi wake," alimaliza Mikidadi.

"Mwezi una ukubwa gani?"

Mikidadi akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya hukumu. "Nyota ikiwa mtungi, mwezi ni punje ya ulezi."

Mwaisha akamtazama kijana, akamtazama askari, akaitazama bunduki. "Mmetembea kutoka Morogoro hadi Mlali," alisema taratibu, "kuja kumuomba mfinyanzi punje ya ulezi?"

Hata hivyo alifinyanga. Bunduki ilikuwa bado imesimama pale. Alifanya duara kubwa, akalipaka udongo mwekundu, akatoboa tundu dogo chini ili lisipasuke motoni. Kwa ule mwezi alifinya kidonge cha udongo kama kidole gumba, akakiacha kama kilivyotoka mkononi, kimebonyea huku na kuvimba kule. Baada ya wiki moja akavipakia ndani ya tenga na nyasi, akashuka mjini.

Bwana Pima aliipokea Mirihi kwa furaha. Alipouona mwezi, uso ukamkunjamana kama aliyeramba ndimu. Akasema maneno mengi.

"Anasema mwezi ni duara," alifasiri Mikidadi. "Vitu vyote vya mbinguni ni duara. Tena anautaka mkubwa, kama chungwa, watu wauone."

"Si alisema punje ya ulezi?"

"Alisema. Sasa anasema chungwa."

"Haya. Lakini mwambie udongo haujiviringi wenyewe. Bonge kubwa linajipanga kwa uzito wake, linashuka huku linajaza kule. Kidonge kama hiki kinabaki kilivyodondoka. Sasa huko juu nani kaenda kukiviringa?"

Bwana Pima alicheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto. Vyombo vya angani vya miaka ya baadaye vimeonyesha kwamba mwezi ule umekaa kama kiazi kilichoumwa na panya upande mmoja, lakini mwaka ule hapakuwa na wa kumwambia. Mwaisha akapewa udongo palepale, akauviringa.

Alipokuwa anaviringa, Bwana Pima alimweleza sifa za mwezi huo, naye Mikidadi akafasiri huku akijifuta jasho. Unakaa karibu mno na jiwe lake. Kati yao huwezi kupenyeza Mirihi nyingine. Unakimbia mno. Mirihi inajigeuza mara moja kwa siku, kama dunia yetu, na zaidi kidogo; lakini mwezi ule unaizunguka kwa saa saba na dakika thelathini na tisa tu. Kwa kuwa unaishinda mbio, mtu aliyesimama pale angeuona unachomoza magharibi na kutua mashariki. Na jina lake, kwa Kiyunani, ni Hofu.

"Hofu," alirudia Mwaisha. "Kitu kidogo hivyo?" Akafikiri kidogo. "Yeye mwenyewe ameuona?"

Mikidadi akasita, kisha akauliza. Bwana Pima akageuza macho kwenye pembe ya chumba, ilipokuwa darubini yake. Unyevu wa Uluguru ulikuwa umeingia ndani ya vioo, na kuvu ilikuwa imeota humo vizuri kabisa, ya kijani. Akajibu kwa sauti ya chini.

"Hajauona. Ulionwa kwanza Amerika, miaka thelathini na miwili sasa, na mtaalamu mmoja."

"Mmoja tu?"

"Na wengine baadaye. Kwa darubini kubwa kuliko hii."

"Ni waadilifu? Ana hakika na ushahidi wao? Maana hapa mjini watu wamepigana kwa mwezi waliouona kwa macho yao."

Mikidadi akamgeukia Bwana Pima, akasema kwa Kidachi safi cha Tanga, "Mama anashukuru sana kwa mafunzo."

Bwana Pima akainamisha kichwa kwa heshima.

Darasa lilifanyika Jumanne, wakati wa alasiri, mbele ya boma. Watu hawakulazimishwa kuhudhuria. Askari walipita nyumba kwa nyumba na kuwaeleza tu kwamba hawajalazimishwa, na uwanja ukajaa. Walikuwepo wenye maduka, wakulima walioshuka na ndizi, na vibarua wa shamba la mkonge la Kihonda, waliopewa ruhusa ya nusu siku kwa heshima ya elimu. Miongoni mwao alikuwa Rehani, mdogo wake Mwaisha wa mwisho, aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya miezi sita na kwa sasa alikuwa amekula miwili. Mwaisha mwenyewe alikaa kivulini kando ya tenga lake. Wengi walikuwa na saumu, midomo imewakauka.

Bwana Pima alikuwa amepanga mambo kwa usahihi wa kipimo. Mirihi iliwekwa juu ya kigoda, na askari akapewa kazi ya kuigeuza polepole. Mwezi ulichomekwa kwenye ncha ya ufito, kwenye tundu la kutolea mvuke ambalo Mwaisha alikuwa ameutoboa nao, na ufito akakabidhiwa Mikidadi. Karani alitakiwa kuizunguka Mirihi mbio, mara tatu na kipande kwa kila mzunguko mmoja wa askari. Na akizunguka, afasiri.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. "Mwezi huu mtukufu," alisema Mikidadi, akikimbia kwa madaha, "unakamilisha safari yake kuizunguka nyota ya Mirihi kwa muda wa saa saba na dakika thelathini na tisa!"

Wa pili, maneno yalipungua. "Mwezi unakamilisha safari... saa saba!"

Mikidadi naye alikuwa na saumu. Kufikia wa tatu koti lilikuwa limemganda mgongoni na ulimi umeshikamana na kaakaa. Bwana Pima akimwashiria kwa kijiti kila alipomaliza duru, karani alikuwa amebakiwa na maneno mawili tu.

"Mwezi... umekwisha!"

Duru nyingine. "Umekwisha tena!"

Duru nyingine. "Umekwisha!"

Uwanja ukaanza kunong'ona. Fatehali, Mhindi mwenye duka la nguo karibu na stesheni, mtu asiyependa hesabu ipite bila kuelezwa, akanyanyua mkono.

"Bwana, samahani. Watu wa huko wakifunga Ramadhani, wanafunga siku ngapi?"

Bwana Pima alifurahi mno kuulizwa. Alisema haijulikani kama kuna watu. Lakini kama wangekuwepo, wakahesabu kwa mwezi huu, basi mwezi mzima kwao ni zile saa saba na dakika thelathini na tisa.

"Yaani unakula daku alfajiri," alisema Fatehali, "Idd inakukuta adhuhuri?"

"Hasa!" alisema Bwana Pima.

Uwanja mzima ukacheka, hata waliofunga Alhamisi wakatazamana na waliofunga Ijumaa kama ndugu. Ndipo Rehani akasimama nyuma kabisa. Mwaisha alipoiona shingo yake ndefu ikichomoza, akaacha kucheka. Alikuwa anamjua.

"Bwana, mwezi huu ni mwezi wa kweli? Serikali inaukubali?"

Mikidadi, ameinama, mikono magotini, akauliza. Bwana Pima akaweka mkono kifuani. Jibu lake lilikuwa fupi, na kwa bahati mbaya Mikidadi alipata pumzi ya kulifasiri lote.

"Anasema mwezi huu ni wa kweli kama sheria ya serikali."

"Ahsante sana," alisema Rehani, akakaa.

Alfajiri ya Ijumaa, kengele ya shamba la Kihonda ilipopigwa, vibarua thelathini na mmoja hawakuchukua mapanga yao. Walikuwa wamefunga mizigo. Rehani alimwendea mwenye shamba, Mdachi mnene asiyependa kusemeshwa kabla ya kahawa, akamwamkia vizuri, akamwambia kwamba mkataba umekwisha.

"Miezi sita!" alifoka yule bwana. "Mmefanya miwili!"

"Karatasi imeandika miezi sita, bwana. Haikuandika mwezi wa nani. Jumanne alasiri Bwana Pima ametutangazia mwezi wa saa saba, na serikali inaukubali. Tangu hapo mpaka leo imetimia miezi minane. Ile miwili ya ziada tumekupa bure."

Mwenye shamba alikimbilia stesheni kupiga simu ya waya Dar es Salaam. Kwa kuwa waya unataka maneno machache, aliandika machache: watu wameacha kazi kwa ajili ya mwezi usioonekana, jina lake Hofu, uliofinyangwa na mwanamke wa milimani.

Dar es Salaam waliisoma simu hiyo, wakaisoma tena. Vita vya majimaji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu nyuma, na vilianza hivyo hivyo: mtu wa porini, kitu kisichoeleweka, na watu wakayatupa majembe. Wakati ule yalikuwa maji. Sasa inaonekana ni udongo. Jumamosi mchana garimoshi lilishusha kapteni mmoja na askari arobaini, kuja kupambana na kidonge cha ukubwa wa chungwa.

Walimkuta Mwaisha kwake Mlali, mikono imejaa udongo hadi viwiko. Mitungi tisa mibichi ilikuwa uani inaanikwa.

"Niiingize ndani kwanza," alisema. "Mawingu yale siyapendi."

Hawakumpa nafasi. Hata kunawa hakunawa. Alitembea hadi Morogoro udongo ukimkaukia mikononi na kupasukapasuka, na njiani aliogopa kweli, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya ile shingo ndefu.

Shauri lilisikilizwa Jumapili. Juu ya meza ya kapteni ilikuwapo Mirihi, na kando yake mwezi, umefungwa kikaratasi chenye namba kama mfungwa. Mikidadi alikuwa amelala korokoroni pia. Lakini hapakuwa na mwingine aliyejua Kidachi, kwa hiyo walimtoa, wakamhoji, akajibu, halafu wakamwamuru alifasiri jibu lake mwenyewe. Koti lilikuwa limechanika bega, na kalamu zote mbili zilikuwa zimekwisha pata mwenyewe mwingine.

"Wewe umefinyanga Hofu?" kapteni alimuuliza Mwaisha.

"Nimefinyanga udongo, bwana. Jina amekuja nalo mwenzako."

Mwaisha akamkazia macho Mikidadi, akingoja asikie atamshukuru nani safari hii. Lakini kijana aliyanyosha maneno kama yalivyo, moja baada ya jingine. Usiku mmoja juu ya sakafu ya korokoro ulikuwa umemtoa hamu ya kuyapamba.

"Nani aliyekutuma?"

"Huyo aliyesimama nyuma yako."

Nyuma ya kapteni alikuwa Bwana Pima, rangi yake imeifikia Mirihi. Kapteni akageuka. Wakasemezana wao kwa wao, kwanza polepole, kisha kwa sauti. Mikidadi akasogea karibu na Mwaisha.

"Anamuuliza kama huo mwezi upo," alinong'ona. "Anasema upo. Anamuuliza kama ameuona." Akasikiliza. "Anasema hajauona, mama. Anasema ameusoma."

Kapteni akaitazama meza. Safari yote ile kutoka pwani, askari arobaini, na adui mwenyewe alikuwa somo la shule. Mtu wa namna nyingine angecheka akarudi zake. Lakini aliyeletwa na garimoshi zima hawezi kurudi bila kumpata mkosaji, na Bwana Pima, kwa bahati yake, alikuwa Mzungu.

Hukumu zikagawanywa. Bwana Pima alihamishiwa Rufiji kupima mabwawa, mahali ambapo mbu hawampi mtu nafasi ya kutazama juu. Mikidadi alifukuzwa ukarani kwa kosa la kufasiri vibaya, na shahidi wa kosa hilo akawa yeye mwenyewe, kwa Kidachi na kwa Kiswahili. Mwaisha alikatazwa kufinyanga kitu chochote cha mbinguni bila kibali. Vibarua thelathini na mmoja wakahukumiwa viboko ishirini na vitano kila mmoja, na miezi yao sita ianze upya, kwa mwezi wa serikali.

Walimweka Mwaisha korokoroni mpaka Jumanne, kwa tahadhari. Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha walipoanza kuchapa uani, na kupitia ukuta alisikia kila kitu. Askari alihesabu kwa sauti, bila haraka, moja hadi ishirini na tano, kisha anayefuata. Hapo hesabu haikuwa na utata wowote, wala hakuna aliyeuliza ni ya wapi. Ilipofika zamu ya Rehani alimjua kwa ukimya wake, kwa sababu tangu utotoni hakuwa mtu wa kulia. Mwaisha akaweka paji la uso ukutani, akahesabu naye, midomo ikicheza, mpaka mwisho.

Alipotoka, Mikidadi alikuwa anamngoja nje ya lango, amevaa kanzu tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Siku ile," alisema, "uliuliza kama mashahidi ni waadilifu. Swali lile sikulifasiri."

"Nilijua. Jibu lilikuwa fupi mno."

"Ningelifasiri, pengine angekasirika, akaacha darasa lake."

Mwaisha alitaka kumwambia neno kali, na alikuwa nalo tayari. Akaitazama kanzu tupu ya yule kijana, akalimeza. "Pengine," alisema. "Au pengine angetafuta mfasiri mwingine. Nenda kwenu ukapumzike, baba."

Akashika njia ya Mlali peke yake. Alifika alasiri, miguu imejaa tope. Chausiku, jirani yake, alikuwa uani amejitanda khanga, akiinua majani ya migomba yaliyolowa, aliyoifunikia mitungi. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili na Jumatatu nzima. Mitungi sita ilikuwa imejilaza kama watu waliochoka, midomo imezama tumboni.

"Imesalia mitatu, dada," alisema Chausiku. "Nilikuwa peke yangu, na mvua haikupiga hodi. Rehani je?"

"Mzima. Amerudishwa Kihonda." Mwaisha akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Ndipo machozi yakamtoka, mengi, bila sauti, na Chausiku akasimama kando yake bila kumgusa mpaka yalipokwisha yenyewe.

Kisha akainama, akachota konzi ya tope la mtungi ulioanguka, akalibinya kwa vidole. Halikuwa na mchanga. Lilikuwa bado linashika.

"Kesho nitampelekea mafuta ya nyonyo ya mgongo," alisema. "Sasa nisaidie, tuyakusanye matope haya kabla hayajachanganyika na kinyesi cha kuku."